Ndege Hupaa Mezani Kwanza

Haya ni mazungumzo niliyoyafanya na wanafunzi wa sheria na wa usafirishaji hapa Dar es Salaam. Ukumbi ulijaa, wengine wakarudi kutoka mlangoni, na tangu siku ile simu haziishi. Kwa hiyo nimeyaweka hapa yote kama nilivyoyasema, utani nao umo. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Wanafunzi, hamjambo?

Hiyo sauti ni ya watu ambao hawajanywa chai. Hamjambo? Haya, sasa tumeamka.

Nimeombwa niwaeleze serikali zinavyojadiliana mikataba ya usafiri wa anga. Kazi hiyo nimeifanya sehemu kubwa ya utumishi wangu, na sasa nimestaafu, kwa hiyo leo naongea kama mzee wa kijiweni. Nikiwaudhi mabosi wangu wa zamani, bahati nzuri pensheni imeshaanza kuingia.

Nani hapa amewahi kupanda basi la Dar kwenda Nairobi? Nyoosheni mikono. Wengi, vizuri. Basi hilo litanisaidia kuliko vitabu vyote mlivyobeba.

Haki ambazo nchi hupeana za ndege kupita na kutua huitwa uhuru wa anga, nazo huhesabiwa kwa namba. Basi likipita nchi ya watu bila kusimama, huo ndio uhuru wa kwanza. Likisimama kujaza mafuta, dereva akanyoosha miguu, pasipo kushusha wala kupakia mtu, huo ni wa pili. Likichukua abiria Dar na kumshusha Nairobi, wa tatu. Likimchukua Nairobi na kumrudisha Dar, wa nne. Mpaka hapo hakuna ugomvi mkubwa, kila mtu anabeba kwenda na kurudi kwake. Sasa basi letu la Dar lifike Nairobi, kondakta ashuke, aanze kupiga debe katikati ya stendi yao, "Kampala! Kampala bado wawili!", apakie Wakenya awapeleke Uganda. Mwenye basi wa Nairobi atakaa kimya? Huo ndio uhuru wa tano. Ndugu zangu, nimeona watu wazima wenye tai wakikosa usingizi siku tatu kwa ajili ya huo uhuru wa tano.

Na kama basi letu lingepakia mtu Mombasa na kumshusha Nairobi? Hapo umeingia jikoni kwa mtu. Hiyo inaitwa kabotaji, na ni serikali chache mno zinazoiruhusu. Ndiyo maana ndege ya KLM kutoka Amsterdam, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitua Kilimanjaro kushusha watalii kisha ikaja Dar, haikukatii tiketi ya Kilimanjaro kuja Dar. Umesimama pale KIA na begi lako. Ndege unaiona. Viti walivyoinuka watalii viko vitupu. Na hupandi.

Naona yule dada wa nyuma mwenye mtandio wa kijani amenyoosha mkono. Subiri, mwanangu, nitakufikia.

Kwa nini basi ndege isiende tu inakotaka? Novemba 1944, vita vikuu vya pili havijaisha, wajumbe wa nchi zaidi ya 50 walikutana Chicago, na tarehe 7 Desemba wakasaini mkataba ambao mpaka leo ndio msingi wa kazi hii. Ibara yake ya kwanza inasema kila nchi ina mamlaka kamili, tena ya peke yake, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Ibara ya 6 inasema ndege za ratiba za kimataifa haziingii bila ruhusa maalumu ya nchi husika. Mstari huo mmoja ndio ulionipa mimi mshahara.

Lakini pale Chicago kulikuwa na mvutano. Wamarekani walitaka anga liwe wazi, kila mtu aruke apendavyo. Waingereza walitaka kila kitu kipimwe na kigawanywe. Je, Wamarekani walipenda uhuru kuliko Waingereza? Aa wapi! Wakati wa vita Marekani ndiyo iliyokuwa ikiunda ndege za usafirishaji kwa wingi, Uingereza imeelemewa na ndege za kupigania. Mwenye mabasi mia anataka barabara iwe wazi. Mwenye mabasi matatu anataka zamu.

Waingereza nao hawakwenda mikono mitupu. Ndege za wakati ule zilikuwa haziwezi kwenda mbali bila kutua, na viwanja vya kutua, kuanzia visiwani hadi huku kwetu, vingi vilikuwa chini ya bendera yao. Mmoja ana ndege, mwingine ana pa kutua. Chicago wakashindwana juu ya biashara, mwanzoni mwa 1946 wakakutana kisiwani Bermuda, wakapatana wao wawili. Mkataba ule wa nchi mbili ukawa kielelezo cha dunia nzima, na mingi iliyofuata imeshonwa kwa kitambaa kile kile.

Mwaka 1976 Waingereza wakaona wanapunjwa, wakatoa notisi ya kuuvunja. Mwaka 1977 ikasainiwa Bermuda ya pili, yenye masharti makali zaidi, na kwa miaka mingi mashirika mawili tu ya Marekani na mawili ya Uingereza ndiyo yaliyoruhusiwa kuruka kati ya kiwanja cha Heathrow, London, na Marekani. Mlango huo ulifunguliwa Machi 2008, mkataba wa Ulaya na Marekani ulipoanza kazi. Kwa hiyo siku mtu atakapokuja kuwahubiria anga wazi, msikilizeni kwa adabu, halafu mwulizeni ana ndege ngapi.

Sasa turudi nyumbani.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka East African Airways. Ilianza 1946, ikawa ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Zile ndege zake kubwa za Super VC10 ziligawanywa kwa usajili: nyingine mkiani ina 5Y ya Kenya, nyingine 5X ya Uganda, nyingine 5H ya kwetu. Shirika moja, mikia mitatu. Likafa 1977. Watu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kuandikiana barua za kuombana ruhusa ya kutua, na tangu hapo mazungumzo ya Dar na Nairobi juu ya ndege yamekuwa kama ya mtalaka na mtaliki: heshima ipo, lakini kila neno lina historia.

Tarehe 24 Novemba 2016, jijini Nairobi, maofisa wa nchi mbili hizi walisaini hati ya makubaliano ya usafiri wa anga. Mle ndani kukawa na kifungu juu ya uhuru wa tano wa ndege za mizigo. Kumbukeni Air Tanzania ilikuwa na nini mwaka ule. Miezi miwili kabla ndiyo kwanza ilikuwa imepokea Bombardier mbili, pangaboi. Ndege ya mizigo haikuwapo hata ya dawa.

Mimi sikuwa kwenye meza ile. Lakini nazijua meza hizo, na naweza kuwaapia kwamba katika mazingira kama yale hakosekani mtu wa kuuliza, "Mizigo? Tutaibeba na nini?" Na akatokea mwingine aliyesema, iandike tu.

Iandike tu! Juni 2023 ikatua Dar Boeing 767 ya mizigo, ya kubeba tani 54. Ile karatasi ya miaka karibu saba ikatolewa kabatini, tukaomba kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Kenya ikagoma. Tarehe 15 Januari 2024 Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways za Nairobi na Dar zitasimama, nipe nikupe. Mawaziri wa mambo ya nje wakapigiana simu. Kabla ya tarehe 22 kufika, ruhusa ya mizigo ikatoka na katazo likafutwa.

Hapo mnataka kupiga makofi, naona. Ngojeni.

Mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, yule aliyesema iandike tu ndiye shujaa, na jina lake hamtalisikia popote. Alijadiliana kwa niaba ya ndege ambayo haikuwa imenunuliwa. La pili, angalieni fimbo iliyotumika. Ugomvi ulikuwa wa mizigo, aliyekaribia kupigwa ni abiria. Mama mwenye tiketi ya tarehe 23 anayempeleka mtoto hospitali Nairobi hakusaini hati yoyote. Agosti 2020, wakati wa korona, tulishafanya hivyo pia, tukazuia ndege za Kenya hadi Septemba baada ya wao kutuacha nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawawekwi karantini. Fimbo ile inafanya kazi, sikatai. Ila kila ukiitumia, jirani naye anakata ya kwake na kuificha nyuma ya mlango.

Sasa niwaambie kisa changu, maana si haki kusema ya wengine tu.

Nchi moja ya mbali, sitaitaja. Siku ya tatu ya mazungumzo, saa nane usiku, tumo kwenye kijichumba cha kompyuta cha hoteli, printa imemeza karatasi, kijana wa upande wao anaivuta kidogo kidogo isichanike. Mnajua kiambatisho cha njia kilivyo? Ni jedwali la safu nne. Vituo vya kuondokea. Vituo vya kati. Vituo vya kufikia. Vituo vya mbele. Ubishi wetu ulikuwa kwenye safu ya nne: sisi tulitaka tukifika kwao tuendelee mbele na abiria wao, na wao hawataki kusikia. Kiongozi wa ujumbe wao, mtu mpole sana, akasema, "Ndugu yangu, tumechoka. Hapo tuandike: vitakubaliwa baadaye."

Ndege yetu ya kurudi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nikachukua kalamu, nikaweka vifupisho vya jina langu pembeni mwa kila ukurasa. Nikarudi, nikapongezwa, nikapigwa picha.

Vitakubaliwa baadaye! Miaka ikapita, tukataka kuitumia njia ile, tukaandika barua. Jibu likaja la mistari miwili: vituo vya mbele havijakubaliwa. Na walikuwa sahihi. Kwa nini akubali baadaye mtu anayefaidika kwa kutokukubali? Halafu nikasoma upande wao wa jedwali, ule niliousaini usiku uleule. Safu yao ya nne ilisema: kituo chochote. Kosa lile ni langu, silitwishi mtu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mkataba huu ni wa haki kwa sababu pande zote mbili zimepewa safari saba kwa wiki, huwa nauliza: saba za nani zinaruka? Saba zako zimelala kwenye karatasi, saba zake zinatua hapa kila siku na kuondoka zimejaa. Maandishi sawa, mfuko si sawa. Sisemi usitoe. Watalii wanaoletwa na ndege za wageni wanalala kwenye hoteli zetu, na samaki na maua yetu vinasafiri na ndege hizohizo. Nasema ujue umetoa nini, na uandike cha kwako kikusubiri.

Na mpinzani wako mkubwa huwa hajakaa upande wa pili wa meza. Umekuja naye kwenye ndege moja! Mtu wa utalii anataka ndege nyingi, za yeyote. Mtu wa shirika la ndege anataka zisije kabisa. Mtu wa viwanja anahesabu ada za kutua. Wa mambo ya nje anataka tu watu waagane wakitabasamu. Na mwanasheria wa serikali, nawaonea huruma mnaosomea hiyo, anatafuta mkato uliokosewa kwenye kifungu cha 12. Hawa wote wanapaswa kuwa wameshagombana Dodoma na kumaliza, kabla ya kupanda ndege. Wakigombania mbele ya wenyeji, mmekwisha.

Tulikuwa nchi moja ya Ghuba. Tumeomba safari kumi kwa wiki, wao hawaendi kokote. Mwenzetu mmoja akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, tena si kwa kunong'ona, maana nani atasikia: "Mzee, tukikwama tuchukue saba tu." Upande wa pili alikaa bwana mmoja wa makamo, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, tangu asubuhi hajasema neno. Akainua kikombe cha kahawa, akakitua. Baada ya dakika kumi kiongozi wao akatangaza kwamba, kwa kuheshimu udugu wetu wa kale, wanatupa saba.

Tulipotoka kwenda kula, yule bwana akanishika mkono. "Bwana mkubwa, bibi yangu kazaliwa Malindi, Unguja. Saba zitakutosheni?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Nitapita haraka juu ya usalama, japo ndiko mikataba mingi inakofia. Kila mkataba una kifungu cha usalama, na wajumbe wengi hukisoma huku wanaangalia saa. Kenya ilisaini anga wazi na Marekani mwaka 2008. Juni 2009 shirika la Delta lilikuwa tayari kuanza safari za Nairobi, na dakika za mwisho serikali ya Marekani yenyewe ikazuia kwa sababu za kiusalama. Kenya ikafanya kazi, ikapata daraja la kwanza la usalama wa anga la Marekani Februari 2017, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka Nairobi hadi New York. Miaka kumi kati ya kalamu na gurudumu! Sisi tulisaini na Wamarekani mapema zaidi, mwaka 1999, na bado hakuna ndege ya ratiba ya moja kwa moja. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lao, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote ya nchi yetu. Uwe na jedwali zuri namna gani, safu zote nne zimejaa, kifungu kile ambacho hukukisoma kinaweza kukufungia nje peke yake.

Kuna watakaoniuliza juu ya Yamoussoukro, mji wa Ivory Coast ambako nchi za Afrika zilikubaliana kufunguliana anga. Mawaziri wa Afrika walitoa tamko pale 1988, wakatoa uamuzi wenye nguvu 1999, na Januari 2018 likazinduliwa Addis Ababa soko moja la anga la Afrika, nchi 23 zikiwamo. Kenya na Rwanda zilikuwamo, sisi hatukuwamo. Wakati ule niliona ni busara, tujenge shirika kwanza. Siku hizi nikipitia Addis kwenda nchi ya Kiafrika ambayo kwenye ramani iko karibu na Kigoma kuliko Dar ilivyo, nakaa kiwanjani saa tano nakunywa kahawa yao nzuri, najiuliza ni nani hasa tuliyekuwa tunamlinda. Sijapata jibu la kuniridhisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeielewa.

Haya, mtandio wa kijani. Mkono wako uko juu tangu nilipotaja Kilimanjaro, na nadhani swali lako nalijua: viti vitupu vipo, kwa nini tusiwaache tu wale wa KLM watuuzie? Simama, chukua kipaza sauti. Lakini kabla hujaniuliza, nijibu wewe kwanza. Ungekuwa upande wetu wa meza, na unajua kwamba wanavitaka hivyo viti, ungewaomba nini ndipo uwape?